Nguo ya kuombea kazi

Msikilizaji mmoja wa Mbagala ameniletea ujumbe mfupi. Anasema ameitwa kwenye usaili wa kazi ya kutunza stoo. Shati analo, suruali ya kitambaa anayo, viatu anavyo japo si vipya, lakini suti hana. Anauliza: je, niende, au nitakwenda kujiaibisha bure?

Jibu langu, ndugu yangu, ni nenda. Tena nenda bila kuinamisha kichwa. Lakini swali lako limenifanya nifikiri kwamba wako wengi mitaani wenye dukuduku hilo hilo, na baadhi yao hawakumwuliza mtu. Badala ya kuuliza wamekwenda kukopa, pengine ile mikopo ya riba kubwa ambayo watu wameibatiza jina la "kausha damu", ili wanunue suti ya kuvaa saa moja tu mbele ya watu watatu wasiowafahamu. Kazi ikikosekana, suti inabaki imetundikwa ukutani na deni linaendelea kupiga hodi mlangoni kila wiki. Wengine huazima ya kaka au ya jirani, nao wahenga, mniwie radhi, walishasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Mabega yanapwaya, mikono inafika kwenye vidole, na mwenyewe anashinda akiivuta huku na huku wakati anaulizwa maswali.

Kwa hiyo leo tulitazame jambo hili la mavazi ya kuombea kazi, tuone wanaotuita wanatafuta nini hasa wanapotutazama.

Kwanza tukubaliane juu ya jambo moja. Usaili si harusi. Kwenye harusi mtu huvaa kadiri ya uwezo wake, na kila mmoja hutazama nani kavaa nini. Jopo la usaili halipimi bei ya kitambaa chako. Watu wale wamekaa tangu asubuhi, pengine wewe ni mtu wa ishirini na tano, wamechoka, chai imepoa. Unapoingia, kabla hujafungua kinywa, hawana kitu kingine cha kusoma juu yako ila jinsi ulivyovaa, ulivyotembea na ulivyosalimu. Katika dakika hizo wanajiuliza swali moja, aghalabu bila wao wenyewe kujua kwamba wanajiuliza: huyu anaijua kazi aliyoiomba? Nikimweka pale kesho asubuhi, wateja wangu au wagonjwa wangu au wanafunzi wangu watamwonaje?

Ni haki? Si haki sana. Mtu hodari anaweza kuvaa vibaya, na mvivu akapiga pasi hadi shati likakata kama wembe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hilo halina ubishi. Lakini tusidanganyane kwamba binadamu anaweza kutazama asione. Nguo haikupi kazi. Inachoweza kufanya ni kukuondolea kazi ambayo vyeti vyako vingekupa. Ukivaa sawasawa, jopo litaisahau nguo yako baada ya dakika mbili na kuanza kukusikiliza wewe.

Sasa "sawasawa" ni ipi? Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu wanadhani kuna vazi moja la kazi zote, yaani suti nyeusi na tai nyekundu. La hasha! Hata hapa kwetu vazi la ofisini halikukaa mahali pamoja. Wazee wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 ofisa wa kuheshimika hakuhitaji tai. Alivaa Kaunda suti, iliyopewa jina la Rais wa kwanza wa Zambia, na mwenye tai shingoni aliweza hata kutiliwa shaka kwamba ana kasumba ya kikoloni. Wanawake ndio walioandamwa zaidi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana jijini Dar es Salaam kuanzia Januari 1, 1969. Ile iliitwa Operesheni Vijana, na wasichana walibughudhiwa hadharani pale Kariakoo hata kabla ya tarehe yenyewe kufika. Baadaye, biashara ilipolegezwa kuanzia 1984 na marobota ya mitumba yakaanza kumiminika, suti na tai zikarudi kwa kishindo, hata kwa vijana ambao mishahara yao isingenunua mkono mmoja wa suti mpya. Ninayasema haya ili ujue kwamba kanuni za mavazi hutungwa na watu na hubadilishwa na watu. Hazikushuka na mvua. Basi kazi yako wewe mwombaji ni kujua kanuni ya mahali unapokwenda, siku unayokwenda.

Na namna ya kuijua haihitaji fedha. Siku mbili tatu kabla ya usaili, nenda kasimame karibu na lango la ofisi hiyo saa moja na nusu asubuhi, wakati watu wanaingia. Usiwatazame walinzi, maana wao wana sare zao. Watazame wanaofanana na kazi uliyoomba. Je, wanaume wamechomekea? Wana tai, au ni shati tupu? Akina mama wamevaa sketi, suruali, gauni, kitenge? Kama hutaki kusimama asubuhi, nenda saa saba mchana kwa mama ntilie anayewalisha. Agiza wali wako, kaa, tazama. Mama ntilie anaijua kampuni kuliko mkurugenzi wake, naye akiona una heshima atakueleza mpaka jina la bosi na tabia zake. Kumbuka tu kwamba Ijumaa katika ofisi nyingi watu hulegeza, wengine huvaa fulana za kampuni, wengine kanzu kwa ajili ya sala. Ukienda kupeleleza Ijumaa unaweza kurudi na habari za uongo.

Ukishaona wanavyovaa siku za kawaida, wewe panda ngazi moja juu yao, usipande tatu. Kama wao wanavaa shati bila tai, vaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, tai ukipenda. Kama wanavaa fulana na dengrizi, ambazo vijana wa leo huziita jinzi, kama ilivyo katika ofisi nyingi za vijana wa kompyuta, suruali ya kitambaa na shati safi vinatosha kabisa. Ukiwatokea na suti ya vipande vitatu watadhani umekuja kukagua kodi. Benki na ofisi za mawakili bado ni nyumbani kwa suti, na huko mtu asiye na koti ajitahidi angalau rangi zake ziwe tulivu na tai iwe imefungwa vizuri.

Kazi za mikono zina lugha yake. Fundi magari aliyeitwa kwenye usaili wa vitendo akaja na viatu vya ngozi vya kuteleza na mikono mirefu inayoning'inia amekwisha kuwaambia mabwana wale kwamba hajawahi kulala chini ya gari. Avae nguo safi lakini imara, viatu vya kufunika vyenye soli isiyoteleza, na kama ana ovaroli yake, aibebe ikiwa imefuliwa. Mpishi atatazamwa kucha kabla ya vyeti. Pete na bangili aziache nyumbani, nywele azifunge. Muuguzi vivyo hivyo. Dereva asije na kandambili hata kama jua linachoma namna gani. Na ndugu yangu wa Mbagala, mtunza stoo ni mtu wa kupanda ngazi, kuhesabu mizigo na kuandika kwenye daftari. Shati lako na suruali yako ndiyo suti ya kazi hiyo. Weka kalamu mfukoni.

Ofisi za Serikali ni habari nyingine, kwa sababu huko kanuni imeandikwa. Mwaka 2007 Serikali ilitoa Waraka Na. 3 juu ya mavazi ya watumishi wa umma, na ukifika kwenye milango ya ofisi nyingi utakuta picha zimebandikwa: vazi hili ndiyo, vazi hili hapana. Nguo fupi, za kubana, za kuonyesha mwili, kaptula, fulana zenye maandishi ya ajabu ajabu. Ukiitazama picha unaelewa bila kusomewa. Jambo ambalo waombaji hulisahau ni kwamba mlinzi wa lango hamwulizi mtu kama ameajiriwa au hajaajiriwa. Anaweza kukuzuia hata ulipokuja kuleta barua tu au kuulizia jambo dogo. Kwa hiyo siku ya kupeleka barua nayo ni siku ya usaili. Suruali ya mlegezo inayohitaji kushikwa kwa mkono mmoja iache kwa wenye kazi zao.

Hata kanuni iliyoandikwa ina tabu yake, kwa sababu neno kama "kubana" hupimwa kwa macho na kila mtu ana macho yake. Mnakumbuka Juni 2021 pale Bungeni Dodoma: mbunge mmoja alisimama akalalamikia suruali aliyovaa mwenzake, Condester Sichalwe, Mbunge wa Momba, na Spika wa wakati huo, Job Ndugai, akamtaka atoke nje akavae vizuri. Wabunge wanawake walikasirika na kutaka mwenzao aombwe radhi. Ikiwa mheshimiwa mwenye kiti chake anaweza kutolewa ukumbini kwa sababu ya suruali, mwombaji kazi asiye na mtetezi afanyeje? Mimi nasema dada zangu wanabebeshwa mzigo mzito kuliko wa kaka zao katika jambo hili, na si vizuri tukaufumbia macho. Lakini kwa siku ile moja ya usaili, ushauri wangu ni wa kiutendaji tu. Kabla hujaondoka nyumbani, kaa kwenye kiti kifupi mbele ya kioo, kisha inama kama unayeokota kalamu. Nguo ambayo haikulazimishi kuivuta wala kuishika ukiwa umekaa ndiyo itakayokuacha ufikiri maswali.

Tuje kwenye fedha, maana huko ndiko kwenye kilio. Pale Karume, Manzese au Tandika mtu anaweza kujivisha kwa heshima kwa sehemu ndogo sana ya bei ya dukani, ila ajue kuchagua. Nenda asubuhi, robota linapofunguliwa. Shati litazame juani, si kivulini kwa muuzaji. Angalia ukingo wa kola kama umelika, angalia kwapani kama pana doa la manjano, hesabu vifungo. Kisha tazama mabega. Fundi cherehani anaweza kukata mikono, kupunguza kiuno na kupandisha pindo la suruali kwa fedha kidogo na kwa muda wa kunywa soda. Mabega ya koti ni kazi nyingine. Kuyabomoa na kuyashona upya ni ufundi mgumu na wa gharama, na mara nyingi koti haliwi kama lilivyokuwa. Kwa hiyo koti lisilokaa mabegani, hata likiwa zuri namna gani, mwachie mwenyewe.

Mwenye fedha ya kitu kimoja tu anunue viatu au avitengeneze. Watu wengi hufikiri viatu havionekani chini ya meza. Vinaonekana unapoingia na unapotoka, na unapotoka ndipo wanapoandika alama. Kiatu cha zamani kilichoshonwa na kupigwa rangi ni bora kuliko kipya chenye vumbi la Tandale. Na soksi nyeupe chini ya suruali nyeusi, jamani, tuwaachie wanamichezo.

Jiji letu hili nalo lina hila zake. Unatoka nyumbani umenyooka, unashuka kwenye daladala umekunjamana kama karatasi ya maandazi. Mwenye busara huvaa fulana njiani, shati akalikunja vizuri ndani ya mfuko, akabadilisha karibu na mwisho wa safari. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, tembea na ndala na kitambaa cha kufutia; viatu uvivae ukishafika kwenye sakafu. Koti libebwe mkononi, upande wa ndani ukiwa nje, livaliwe mlangoni. Fika mapema nusu saa ukae kivulini jasho likauke. Na marashi yawe kidogo. Chumba cha usaili kina kiyoyozi na madirisha yamefungwa, kwa hiyo harufu inayopendeza barabarani inaweza kumwumiza mtu kichwa mle ndani.

Wanaoitwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye usaili wa mbali na makwao wanajua kwamba tangazo huwaambia wazi: kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Basi fedha iliyokuwa iende kwenye suti ipeleke kwenye nauli na gesti yenye pasi, ufike jana yake, ulale. Vyeti halisi na kitambulisho viwe mkononi. Msailiwa anayeacha cheti halisi nyumbani anaweza kurudishwa mlangoni, na huko suti haitamtetea.

Sasa nizungumzie mipaka, kwa sababu mwajiri naye hana ruhusa ya kutaka kila kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama dini, jinsia, kabila, ujauzito, hali ya ndoa na ulemavu. Uzuri wake ni kwamba kwa jambo hilo inamhesabu pia mtu anayeomba kazi, si aliyeajiriwa peke yake. Mwajiri anaweza kukutaka uwe nadhifu, uvae sare, ufunge nywele jikoni. Akimwambia binti wa Kiislamu avue mtandio ndipo aajiriwe, hapo anaigusa dini, na inambidi aonyeshe kwamba kazi yenyewe ndiyo inayodai hivyo. Pengine ni mashine inayoweza kunasa kitambaa kinachoning'inia, na hata hapo kipo kilemba cha kubana kisichonaswa na kitu. Mwenye malalamiko ana mlango wa kubisha, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini asikae akisubiri. Kwa migogoro isiyo ya kuachishwa kazi muda ni siku 60.

Liko baya zaidi, nalo sitalizunguka. Binti anapigiwa simu: njoo kwenye usaili hoteli fulani, saa mbili usiku, "uvae upendeze". Huo si usaili. Anayetumia cheo chake kudai ngono ili atoe ajira anatenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wana ofisi mikoani na wilayani. Utunze ujumbe wa simu, usiufute kwa hasira.

Na wako matapeli wa sare. Hawa hukuita haraka, hukusifu, hukwambia umepata, kisha hukutaka utume fedha kidogo "ya sare na kitambulisho" kabla ya kuanza Jumatatu. Ukishatuma, simu inazimwa, na Jumatatu unafika mahali unakuta duka la vipodozi. Mwajiri wa kweli hana haja ya fedha za mtu ambaye bado hajamlipa mshahara. Hata ukiajiriwa kihalali, uliza siku ya kusaini: sare inalipiwa na nani, nikipewa ni ngapi, na ovaroli, buti au kofia ngumu kama kazi inavitaka nitapewa lini? Vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Swali hilo ukiuliza kwa upole hakuna atakayekuona mkorofi, na majibu yake uyaone kwenye karatasi.

Siku hizi wengine husailiwa kwa video kwenye simu. Vaa mpaka chini, maana unaweza kuambiwa ulete cheti ukalazimika kusimama. Kaa uso ukitazama dirisha lenye mwanga, na kamba ya nguo zilizoanikwa isionekane nyuma yako.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaichambua barua yenyewe ya maombi, na kwa nini nyingine huishia mapokezi.